Kuishi na Kichocheo cha Uti wa Mgongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyewekewa kichocheo, yaani kifaa kinachotuma umeme mdogo kwenye uti wa mgongo, kwa ajili ya maumivu ya mgongo au ya neva, anayefikiria kuwekewa, au anayemuuguza mtu mwenye nacho. Vifaa vya aina hii havifanani vyote. Pale maelezo haya yanapotofautiana na kijitabu cha kifaa chako au agizo la daktari wako, fuata hivyo viwili.

Ndani ya mwili kumewekwa nini hasa?

Kuna waya mmoja au miwili myembamba, ambayo kwa kawaida kila mmoja una elektrodi 8 (vituo vidogo vya kutolea umeme) karibu na ncha. Waya hulazwa katika nafasi ya epidurali, yaani ndani ya mfereji wa uti wa mgongo lakini nje ya utando unaofunika ugwe mgongo, lile fungu kuu la neva linaloshuka kutoka ubongoni. Kwa maumivu ya kiuno na miguu, ncha za waya hukaa juu kuliko watu wanavyodhani: usawa wa pingili za kifua, mara nyingi ya 8 hadi ya 10. Mwisho wa pili wa waya hupitishwa chini ya ngozi hadi kwenye betri yenye saketi zake, iliyofukiwa juu ya tako au ubavuni. Nje ya mwili unabaki na rimoti na, kama betri ni ya kuchajiwa, chaja.

Wazo lilitokana na nadharia ya lango ya maumivu, iliyoandikwa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965: ishara zinazopita kwenye neva nene zinaweza kuzuia zile za maumivu zisipande ubongoni. Mwaka 1967 Norman Shealy aliweka kichocheo cha kwanza kwa mgonjwa huko Marekani. Vifaa vya leo vinatumia pia namna za umeme ambazo nadharia hiyo peke yake haizielezi vya kutosha.

Kitaniponya?

Hapana. Diski iliyochakaa itabaki ilivyo, na neva zilizoharibiwa na kisukari haziamshwi na betri. Kinachobadilishwa ni ujumbe wa maumivu. Jaribio huhesabiwa kuwa limefaulu maumivu yakipungua angalau kwa nusu, na hata hiyo nusu ipimwe kwa vitendo: unatembea dakika ngapi, unalala saa ngapi mfululizo, umepunguza dawa zipi. Mtu anayengoja siku ya kuamka bila maumivu kabisa atavunjika moyo hata kifaa kikifanya kazi yake sawasawa.

Maumivu yanayounguza, yanayopiga kama shoti au kushuka mguuni kwa kawaida huitika vizuri zaidi kuliko maumivu butu ya misuli au ya viungo vya mgongo.

Ushahidi wa kitabibu ukoje?

Umegawanyika, na ni haki yako kuujua kabla ya kukatwa. Kwa maumivu ya neva yanayotokana na kisukari, jaribio moja kubwa la washiriki 216 lilionyesha nafuu kubwa kwa waliowekewa kifaa cha hetzi 10,000, yaani mipigo 10,000 ya umeme kwa sekunde, na mwaka 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikaidhinisha matumizi hayo. Ila washiriki walijua nani amewekewa na nani hakuwekewa, na jambo hilo peke yake huweza kukuza matokeo. Kwa upande wa mgongo, utafiti wa Norway wa mwaka 2022 ulilinganisha kifaa kilichowashwa kwa mpigo wa mafungu (aina ya umeme inayoelezwa chini) na kilichozimwa kwa wagonjwa 50 waliobaki na maumivu ya mguu baada ya upasuaji wa mgongo, na haukuona tofauti ya maana. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, nayo yalitilia shaka faida yake kwa maumivu ya kiuno.

Wapo watu ambao maisha yao yamebadilika kweli kwa kifaa hiki. Wapo pia waliobaki na kovu, betri na maumivu yaleyale. Ndiyo maana kipindi cha majaribio kinastahili umakini kuliko hatua nyingine yoyote.

Kipindi cha majaribio kinakwendaje?

Waya za muda huingizwa kwa sindano, hazifungwi ndani, na zinatokea kwenye ngozi ya mgongo hadi kifaa kidogo unachovaa kiunoni. Muda ni kati ya siku 3 na 10, mara nyingi karibu wiki moja. Katika siku hizo usioge kwa kumwagia maji; jipanguse kwa kitambaa. Usiiname, usijipinde, na usibandue bandeji hata ikiwasha.

Andika kila siku, asubuhi na jioni: kiwango cha maumivu kati ya 0 na 10, programu iliyowashwa, ulichofanya na dawa ulizomeza. Chagua mapema vitendo viwili au vitatu ambavyo maumivu yamekunyang'anya, kama kusimama jikoni dakika 20 au kupanda ngazi, uvipime kabla na wakati wa jaribio.

Mambo matatu hupotosha matokeo. La kwanza ni waya kuteleza kwa sababu bandeji imelegea, nafuu ikatoweka ghafla siku ya tatu. Piga simu siku hiyohiyo, kwa kuwa kubadilisha programu kunaweza kuokoa jaribio. La pili ni maumivu ya kidonda cha sindano kuchanganywa na maumivu ya zamani. La tatu, na ndilo baya zaidi, ni furaha ya siku mbili za mwanzo. Ukihisi una shaka, kataa kuendelea au omba siku zaidi. Si dhambi kusema jaribio halikufaulu.

Nijiandae vipi kwa upasuaji wenyewe?

Adui mkuu ni maambukizi, kwa sababu bakteria wakishajishika kwenye kifaa, dawa peke yake mara nyingi haiwaondoi na kifaa chote hulazimika kutolewa. Sukari ishushwe kwanza. Madaktari wengi huahirisha upasuaji HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu) ikiwa juu. Acha sigara. Jino bovu, kidonda cha mguu, jipu au dalili za maambukizi ya mkojo vitajwe na kutibiwa kabla. Vituo vingi hupima bakteria wa puani na kukupa sabuni ya kuua vijidudu. Dawa za kuzuia damu kuganda zina ratiba ya kusimamishwa ambayo lazima ikubaliwe na daktari aliyekuandikia, kwani damu ikivuja ndani ya mfereji wa uti wa mgongo hubana ugwe mgongo, na kuziacha ovyo nako kunaweza kuleta kiharusi.

Mahali pa betri pajadiliwe kabla ya siku ya upasuaji, ukiwa umevaa suruali au sketi unayoivaa kila siku. Simama, keti, kisha lala ubavu unaolalia. Alama iwekwe pasipobanwa na mkanda, pasipogusana na mbavu wala mfupa wa nyonga, na mahali mkono wako unafika bila taabu. Watu wengi wanaolalamika kuhusu betri wanalalamikia mahali ilipo, wala si umeme.

Waya za sindano na za bapa zinatofautianaje?

Za sindano huingia bila kukata mfupa na huondolewa kwa urahisi zaidi, lakini huhama zaidi. Za bapa huhitaji kutoa kipande kidogo cha mfupa wa pingili. Hutulia vizuri, ila kuziondoa ni upasuaji mwingine mkubwa.

Wiki za kwanza nifanye nini, nisifanye nini?

Kwa wiki 6 hadi 8 (wengine huagiza 12), usiiname, usijipinde, usinyanyue kitu kizito kuliko kilo 2 hadi 4, wala usiinue mikono juu ya kichwa. Sababu yake ni kovu: ndilo linaloishika waya, na linahitaji muda kukomaa. Kabla ya hapo, kujipinda mara moja kuchukua kitu kiti cha nyuma cha gari kunaweza kuvuta ncha kwa milimita chache, na hizo zinatosha kuhamisha umeme kutoka mguuni hadi mbavuni.

Kutoka kitandani: jilaze ubavu, mabega na nyonga zikigeuka kwa pamoja, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Viatu viwe vya kuchomeka mguu tu. Vitu vya kila siku viwekwe usawa wa kiuno. Kutembea ndiyo kazi yako kuu. Anza kwa mwendo mfupi mara kadhaa kwa siku.

Uvimbe laini juu ya betri bila homa mara nyingi ni majimaji yaliyojikusanya, na huisha yenyewe. Usiukamue, wala usikubali mtu autoboe kiholela, maana sindano yaweza kupeleka vijidudu ndani au kuharibu waya.

Dalili zipi ni za kukimbilia hospitali?

Miguu kuanza kulegea, ganzi mpya sehemu za siri, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au maumivu makali mapya ya mgongo, hasa siku za kwanza baada ya upasuaji. Huenda damu imejikusanya na kubana ugwe mgongo, na hapo saa zinahesabika. Usingoje asubuhi.

Homa, wekundu unaoenea, usaha au mshono kufunguka vionwe siku hiyohiyo. Shingo ikikakamaa pamoja na homa, nenda mara moja. Kichwa kinachouma ukiketi na kupoa ukilala huashiria kuvuja kwa maji ya uti wa mgongo; kwa kawaida si hatari na kinatibika, lakini kiripotiwe.

Nitahisi msisimko muda wote?

Inategemea aina ya mpigo. Ule wa kawaida, wa takriban hetzi 40 hadi 60, huleta msisimko kama vijisindano vyepesi, na unatakiwa ufunike eneo lote linalouma. Mpigo wa hetzi 10,000 hauhisiwi kabisa. Mpigo wa mafungu, ambao hutuma mipigo 5 ya haraka kisha kupumzika na kurudia mara 40 kwa sekunde, kwa kawaida hutumika kwa nguvu ndogo isiyohisiwa.

Kwa mpigo usiohisiwa, nafuu inaweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza. Kosa la kawaida ni kubadilisha programu kila baada ya saa mbili. Ukifanya hivyo hutajua ipi ilisaidia. Badilisha kitu kimoja tu, kaa nacho siku mbili au tatu, uandike. Kuongeza nguvu si lazima kuongeze nafuu; mara nyingi kiwango cha chini hufanya vizuri zaidi na hutunza betri.

Kwa nini napigwa shoti nikilala chali au nikikohoa?

Kwa sababu ugwe mgongo unaelea katika maji. Ukilala chali husogea nyuma, karibu na waya, na umeme uleule unaufikia kwa nguvu zaidi. Ukisimama unasogea mbele, msisimko unafifia. Kikohozi, chafya na kurudisha shingo nyuma hufanya vivyo hivyo kwa sekunde moja. Kifaa hakijaharibika.

Dawa yake ni kuwa na programu mbili, ya kulala na ya kusimama, na kushusha nguvu kabla ya kujilaza. Vifaa vingine vina kihisi cha mkao kinachoshusha chenyewe. Vingine hupima mwitikio wa ugwe mgongo na kurekebisha kila mpigo. Kama shoti inakuja hata ukiwa umetulia, au unaposhika juu ya betri, hilo ni jambo jingine: kizime, waya upimwe.

Naweza kuendesha gari?

Baada ya daktari kuruhusu, ndiyo, lakini mpigo unaohisiwa uzimwe kwanza. Mshtuko mmoja wa mguu kwenye breki unatosha kuua mtu. Kwa mpigo usiohisiwa vifaa vingi havina katazo hilo. Uliza kuhusu chako. Ukiwa abiria hakuna shida.

Kuchaji kunafanyikaje, na kwa nini kwangu kunasumbua?

Unaweka sahani ya chaja juu ya betri, kwa mkanda au gundi, juu ya nguo nyepesi. Kulingana na programu, kazi hiyo ni ya kila siku au mara moja kwa wiki, kwa dakika 30 hadi saa chache. Weka siku na saa maalumu. Usingoje kengele ya betri kuisha.

Chaja isiposhika, tafuta chanzo kwa mpangilio huu. Sogeza sahani sentimita moja moja, juu, chini, kulia, kushoto, ukitazama kipimo cha mshiko. Badilisha mkao: kuketi wima huweza kuficha betri ndani ya mkunjo wa nyama, kulala kifudifudi kukaifichua. Wiki za kwanza uvimbe huitenganisha betri na chaja, na hilo hupungua lenyewe. Ukiongezeka uzito sana, tatizo hilohilo hurudi. Ikigoma kabisa baada ya kuwa ilikuwa nzuri, huenda betri imepinduka ndani ya mfuko wake; picha ya eksirei huonyesha. Usiigeuze wala kuichezea kwa vidole, maana kila mzunguko unasokota waya.

Chaja hupata joto. Usilale usingizi ukiwa nayo, usiiweke juu ya kidonda, na kama ngozi yako ina ganzi, kagua kwa macho kila dakika 15, kwa sababu hutahisi ikiungua.

Ukiiacha betri tupu kwa wiki nyingi inaweza kugoma kuamka. Kliniki mara nyingi huweza kuifufua, lakini si kila mara. Betri nyingi za kuchajiwa hudumu miaka 10 hivi au zaidi. Zisizochajiwa hudumu miaka michache, kutegemea nguvu unayotumia, kisha hubadilishwa kwa upasuaji mdogo huku waya zikibaki. Mwenye mikono dhaifu, macho hafifu au kumbukumbu inayoyumba huwa na amani zaidi akiwa na isiyochajiwa, hata kama itabadilishwa mapema.

Nafuu imetoweka ghafla. Nianzie wapi?

Anza na rimoti: je, kifaa kimewashwa? Sumaku yenye nguvu na milango ya ukaguzi huweza kukizima bila wewe kujua. Kisha angalia betri ya mwilini, betri ya rimoti, na programu iliyochaguliwa. Jaribu programu nyingine uliyopewa.

Kama vyote ni sawa, jiulize msisimko umeenda wapi. Ukihamia tumboni au mbavuni, au ukabaki upande mmoja, waya umehama. Ukikatika na kurudi kwa mkao, waya unaweza kuwa umevunjika au umelegea kwenye kiungo chake na betri. Kliniki itapima ukinzani wa kila elektrodi: ukiwa mkubwa mno, njia imekatika, ukiwa mdogo mno, umeme unavuja. Itapiga pia eksirei, mbele na ubavu, na kuilinganisha na ile ya siku ya upasuaji. Omba nakala ya picha hiyo ya kwanza na uitunze. Waya uliohama kidogo hurekebishwa kwa kuchagua elektrodi nyingine, bila kisu.

Nafuu ikififia polepole kwa miezi, huenda ni kovu kuzunguka elektrodi, mwili kuzoea, au ugonjwa wa msingi kusonga mbele. Kubadilisha aina ya mpigo husaidia baadhi ya watu. Wengine huelekezwa kukizima kwa muda kisha kukiwasha tena. Maumivu yenye sura mpya yachunguzwe kama ugonjwa mpya. Usikubali kila kitu kisingiziwe kifaa.

Vipimo na matibabu gani ni hatari?

Diathermi, tiba ya kupasha nyama za mwili joto kwa mawimbi, ni marufuku kabisa, kifaa kikiwa kimewashwa au kimezimwa. Nishati yake husafiri kwenye waya na kuchoma nyama ya ugwe mgongo, na watu wenye vichocheo vya neva wamewahi kudhurika vibaya. Mwambie kila mtaalamu wa viungo kabla hajawasha mashine yoyote.

MRI, yaani picha ya mwili kwa sumaku kubwa, inaruhusiwa kwa masharti. Wahusika wanahitaji kujua muundo wa betri na waya, nguvu ya sumaku inayoruhusiwa, na sehemu ya mwili itakayopigwa. Siku yenyewe kifaa huwekwa katika hali ya MRI kwa rimoti, na hali hiyo inaweza kukataa kuwaka kama waya una kasoro au betri haina chaji; kwa hiyo chaji usiku wa kuamkia siku hiyo na ujaribu mapema. Kipande cha waya wa zamani kilichoachwa mwilini kinaweza kuharibu ruhusa yote, hivyo usikifiche.

Eksirei ya kawaida haina neno. Kwa CT (eksirei ya kompyuta) huenda ukaombwa uzime kifaa. Ultrasaundi ya uchunguzi ni salama, bora kipimio kisikandamize betri. Ukifanyiwa upasuaji mwingine, daktari ajue mapema: kifaa kizimwe, na kifaa cha umeme cha kukatia nyama kiwe cha ncha mbili inapowezekana. Mionzi ya saratani na mawimbi ya kuvunja mawe ya figo hupangwa ili yaepuke betri. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo anahitaji vyote viwili vipimwe pamoja.

Uwanja wa ndege, madukani na nyumbani?

Beba kadi ya kifaa. Uwanja wa ndege, ionyeshe na uombe ukaguzi wa mkono. Ukilazimika kupita mlangoni, zima kifaa, pita katikati kwa mwendo wa kawaida, usisimame hapo. Wakikupitishia kifaa cha mkononi, kisikae juu ya betri. Chaja na rimoti viwe kwenye begi la mkononi. Milango ya kuzuia wizi madukani ipite vivyo hivyo.

Jiko la mikrowevu, simu na kompyuta havina tatizo la maana. Simu yenye sumaku isikae mfukoni juu ya betri. Mashine ya kuchomelea vyuma, jiko la sumaku na spika kubwa viwe mbali nawe, kwa umbali uliotajwa kwenye kijitabu.

Kuogelea, michezo, ujauzito?

Kuogelea ni ruhusa kidonda kikipona. Kupiga mbizi kuna kikomo cha shinikizo. Kwa baadhi ya vifaa ni karibu mita 10. Epuka michezo ya kugongana na miondoko ya kunyoosha mgongo kupita kiasi. Kwa ujauzito usalama haujathibitishwa, kwa hiyo jadili kabla, ikiwa ni pamoja na namna ya kupewa ganzi ya mgongo wakati wa kujifungua.

Miguu yangu yenye kisukari haiumi tena. Bado niikague?

Kila siku, na kwa bidii kuliko awali. Kutoumia si kupona: ganzi ipo, na sasa hata onyo la mwisho limenyamazishwa. Tazama nyayo kwa kioo, pitisha kidole kati ya vidole, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, pima joto la maji kwa kiwiko. Kidonda chochote kipya kionwe na mtaalamu haraka. Maambukizi ya mguu yanaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye kifaa.

Niache dawa za maumivu?

Usiache ghafla. Dawa za jamii ya afyuni, gabapentini na pregabalini hupunguzwa hatua kwa hatua kwa mpango wa daktari, na mwili ukikataa kasi ipunguzwe. Kuendelea na dozi ndogo hakumaanishi kifaa kimeshindwa.

Kinaweza kutolewa?

Ndiyo, kwa sababu ya maambukizi, nafuu kuisha, maumivu ya mahali pa betri, au kwa kuwa tu hukitaki. Waulize mapema kama watatoa waya zote au watabakiza kipande, na waandike hivyo kwenye cheti chako cha matibabu. Wanafamilia nao wajue jambo moja: mwenye kifaa akifariki na mwili ukawa wa kuchomwa, betri lazima itolewe kwanza, kwa sababu hulipuka kwenye tanuru.